Pombe Isiyohitaji Maji

Atokaye Masasi kwenda Newala hupanda. Masasi imekaa chini, katikati ya majabali yake makubwa. Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na kuporomoka kuelekea bonde la Ruvuma. Wenyeji wanapaita Shimo la Mungu. Huko juu mvua hunyesha vizuri, ila mchanga huifyonza yote, na chemchemi zimo mabondeni na chini ya miteremko. Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho wa Leipzig aliyefika Newala mwaka 1906 wakati vita vya Majimaji havijapoa, alishangaa kuona watu wamechagua kuishi mbali na maji kiasi kile. Wenyewe walijua sababu. Vichaka vizito vya juu viliwaficha wasionekane na misafara ya watumwa, wala na Wangoni, ambao mwaka 1882 waliivamia hata misheni ya Masasi iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere mwaka 1876 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Usalama huo ulilipiwa kwa miguu ya wanawake, walioshuka bondeni na kupanda tena na mtungi kichwani.

Wanaoandika juu ya pombe za kienyeji huanza na nafaka. Kwa Newala nadhani ni lazima kuanza na mtungi.

Pombe ya mtama au uwele hula maji tangu siku ya kwanza. Nafaka hulowekwa, ikafunikwa mpaka iote, ikaanikwa na kusagwa kuwa kimea. Kisha hupikwa uji mwingi, ukaachwa upoe, kimea kikatiwa, na mchanganyiko ukaachwa siku kadhaa hadi uchemke wenyewe bila moto. Mwisho huchujwa. Kuloweka, kupika, kuzimua, kuosha vyungu: kila hatua ni safari ya bondeni. Mama aliyeamua kupika pombe alikuwa ameamua kutumia nguvu za binti zake na za majirani kwa wiki nzima, na ndiyo maana pombe haikupikwa kwa kiu tu. Ilipikwa kwa jambo.

Mambo yenyewe yalijulikana. Baada ya mavuno, kati ya Juni na Septemba, ndipo vijana walipotoka jandoni na wasichana unyagoni, ngoma zikachezwa usiku kucha, mapiko yakatoka na vinyago vyake kuwatisha watoto na kuwachekesha wakubwa. Kulikuwa na pombe ya matanga. Kulikuwa na pombe ya kazi, ambayo mwenye shamba aliwapa waliokuja kumlimia au kumjengea, na hakuna aliyeona kwamba amelipwa, alikuwa amealikwa. Upande wa Masasi, kwa Wayao na Wamakua, wazee waliweka unga, na mara nyingine pombe, chini ya mti wa msoro kuwaomba waliotangulia. Watu walikunywa kwa kata, wameketi uani kwa mpishi, na chakula kilikuwa palepale: ugali wa muhogo, kisamvu, kunde, ming'oko ya kuchemsha iliyochimbwa porini, na panya wa shambani waliobanikwa, ambao mgeni huwakunjia pua mpaka aonje. Siku hizi watu wa miji mikubwa ya Ulaya na Marekani hulipa ghali kukaa katika baa inayopika bia yake nyuma ya kaunta na kuiuza pamoja na chakula. Kwa mwanamke wa Kimakonde hiyo ilikuwa nyumba yake tu.

Serikali za kigeni ziliingia katika ua huo kwa mlango wa sheria. Mkataba wa Brussels wa 1890, na baadaye ule wa Saint-Germain wa 1919, ulizuia vileo vikali kuuzwa kwa Waafrika katika eneo kubwa la bara hili. Pombe ya nafaka iliachwa, lakini kwa kuitazama kwa jicho la pembeni. Njaa ikibisha hodi, maofisa walikataza nafaka kupikiwa pombe. Mijini walitaka iuzwe kwenye vilabu vyenye leseni, ambako ushuru ungekusanywa na ugomvi ungeonekana. Misikiti nayo, iliyoenea kwa kasi kusini baada ya Majimaji, ilikuwa na neno lake. Wapo walioacha kabisa, na wapo waliohamishia unywaji mbali na macho ya shehe.

Halafu ukaja mkorosho, na hapa ndipo historia ya Newala inapogeuka.

Mti wenyewe ni mgeni wa siku nyingi. Wareno waliuleta pwani ya Afrika Mashariki kutoka Brazil katika karne ya 16, ukakaa karne nyingi kama mti wa uani. Kupandwa kwa wingi juu ya uwanda, shamba kwa shamba, ni jambo la karne ya 20, hasa tangu miaka ya 1940. Vitabu vya uchumi vinaeleza habari ya kokwa: tani ngapi, bei gani, meli ipi ya India. Lakini kokwa huning'inia chini ya tunda, na tunda hilo, bibo, lina uzito mara kadhaa ya kokwa lenyewe. Kwa kila gunia la korosho lililobebwa kwenda ghalani, rundo kubwa la mabibo mekundu na ya njano lilibaki chini ya miti. Bibo haliwekeki. Likianguka asubuhi, kesho yake limeshaanza kuchacha.

Mabibo hayo hukamuliwa, maji yake yakachujwa na kuachwa. Jioni ni juisi tamu yenye ukakasi kidogo kooni. Kesho yake ni uraka. Haipikwi, haina kimea, haitaki kuni. Wala haidai hata kata moja ya maji. Tena mabibo hukomaa kuanzia Septemba hadi Desemba, wakati kiangazi kimekausha mabonde na foleni za chemchemini ni ndefu kuliko miezi yote. Ule msimu ambao pombe ya mtama ilikuwa gharama isiyosemeka, mti ulianza kudondosha pombe bure. Sioni haja ya kutafuta sababu nyingine ya uraka kushika uwanda wa Makonde kwa nguvu kiasi hiki. Mradi wa maji wa Makonde, uliosukuma maji kwa pampu kutoka bonde la Kitangari tangu miaka ya 1950, ulipunguza safari za mtungi, lakini uraka ulikuwa umeshakaa.

Ulibadilisha pia nani anakunywa na lini. Pombe ya jambo ilikuwa na mwaliko, uraka hauna. Hunywewa shambani chini ya mkorosho, katikati ya kuokota, na huuzwa kwa kopo na anayehitaji fedha ya chumvi. Wazee walilalamika, na sidhani walikosea kwa kila walilosema: pombe isiyo na mwenyeji haina wa kumwambia mtu atosheke.

Mwaka 1973/74 Tanzania ilizalisha tani 145,000 za korosho. Ukaja uhamisho wa kwenda vijiji vya ujamaa, watu wakawekwa mbali na mikorosho yao, bei ikashuka, na ukungu uitwao ubwiri unga ukaunguza maua. Kufikia 1986/87 zilibaki tani kama 16,500. Ukungu haukuchagua: ua likiungua hakuna kokwa, na bibo pia hakuna. Dawa ya salfa ilipoirudisha mikorosho, iliurudisha na uraka.

Uraka ukichemshwa na mvuke wake ukapitishwa kwenye bomba lililolazwa majini, hutoka gongo. Hapo maji yanarudi kudai haki yake, maana bomba lazima lipozwe. Mabibo makavu huweza kuwekwa yakavundikwa baadaye, kwa hiyo gongo, tofauti na uraka, haina msimu. Haina pia ruhusa. Sheria ya Moshi (jina jingine la gongo) ya mwaka 1966 iliufanya utengenezaji wa pombe hiyo kuwa shughuli ya wenye leseni, na aliye porini na pipa lake hubaki mhalifu wa kukimbizana na polisi. Hatari yake si ya kubuni. Mtengenezaji asiyejua kazi yake anaweza kuua. Ila ng'ambo ya bahari, Goa, Wareno haohao walipeleka mti huohuo, na watu wa huko huchemsha mabibo yaleyale. Kinywaji chao, feni, kinauzwa madukani kwa chupa na lebo, na mwaka 2009 kilisajiliwa India kama mali ya Goa ambayo mwingine haruhusiwi kuiga jina lake. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimefundisha kutengeneza juisi, jemu na mvinyo wa mabibo. Bado mabibo mengi ya Newala huozea chini.

Bia ya chupa ilichelewa. Kiwanda kilikuwepo Dar es Salaam tangu 1933, lakini kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, masika yalipokaza kusini kulikatika, na kreti zikakatika pamoja nako. Leo baa za Masasi na Newala zina friji, nyama choma, supu ya mbuzi na chipsi mayai, na kalenda yao ni ya mnada wa korosho. Vyama vikuu vya ushirika, TANECU na MAMCU, vikishauza na fedha kuingia benki, meza hujaa. Msimu wa 2017/18, bei ilipopita shilingi 4,000 kwa kilo, utani wa wakulima kuwanywesha mbuzi bia ulienea nchi nzima. Watu wa Newala huucheka kwa kinyongo kidogo. Mwaka uliofuata wanunuzi waligomea bei, Rais Magufuli akatuma jeshi kununua kwa shilingi 3,300, malipo yakasuasua, na baa zikaona. Viroba, vile vileo vikali vya pakiti ndogo, vilikuwa vimeshapigwa marufuku tangu Machi 2017, kwa hiyo mwenye mfuko mtupu hakuwa na kileo cha kiwandani cha bei yake. Mabibo yalikuwa yakianguka kama kawaida.