Pande Mbili, Chumba Kimoja

Makumbusho ya Amani ya Lari, pale Kimende katika Kaunti ya Kiambu, yalianzishwa mwaka 2001. Wakati huo Mau Mau bado ilikuwa chama haramu katika sheria za Kenya. Marufuku ya mkoloni ya mwaka 1950 ilikuja kuondolewa 2003. Kwa hiyo wazee waliopigana msituni na wazee waliokuwa homugadi walikaa chini pamoja, wakaanza kukusanya kumbukumbu zao, hata kabla dola haijakubali kwamba nusu yao hawakuwa wahalifu.

Uzito wa jambo hilo hauonekani bila kuijua Lari. Miaka ya 1930 serikali iliamua kwamba ardhi ya Tigoni, karibu na Limuru, iwe ya walowezi. Baadhi ya Wakikuyu, akiwemo Luka Wakahangara, walikubali kuhamishiwa Lari. Waliokataa walipoteza kila kitu. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, kinyongo hicho kililipuka. Luka aliuawa, na pamoja naye watu zaidi ya 70, wengi wao wanawake na watoto. Kabla hakujakucha kisasi kilikuwa kimeanza, na vikosi vya serikali na homugadi vikaua watu wengine wengi. Baadaye makumi walinyongwa. Maiti za mauaji ya kwanza zilipigwa picha na kuoneshwa dunia nzima. Za mauaji ya pili hazikupata mpiga picha.

Nilikwenda Kimende nikiwa naandika tasnifu ya uzamili. Makumbusho ni madogo, na anayekupokea ni mtu wa kujitolea, mwenyeji wa hapo hapo. Hakupi hadithi iliyonyooka. Anajua wajukuu wa waliouawa ni akina nani, anajua na wajukuu wa waliowaua. Huenda asubuhi hiyo wamepanda matatu moja. Kwa hiyo anachagua maneno. Mwanzoni nilidhani anakwepa. Kadiri nilivyomsikiliza ndivyo nilivyoona kwamba uangalifu ule ndio kazi yenyewe.

Sisi wanafunzi wa historia tumefundishwa kuheshimu nyaraka. Lakini mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya mafaili ya makoloni yake, ya Kenya yakiwemo, huko Hanslope Park. Mengine yalichomwa kabla ya uhuru. Nairobi ina mnara wa shujaa, London ina mafaili. Swali la Lari, yaani majirani waliouana wanaishije tena pembeni mwa shamba moja, halikai vizuri katika hayo yote mawili. Linahitaji watu wanaolazimika kuonana kesho.

Watu hao wanazeeka. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1953 alizaliwa 1933. Wengi wa kizazi hicho wameshatutoka. Kujitolea nako kuna mipaka yake: kodi ya chumba haingoji, na kijana mwenye shahada anatafuta mshahara, si ufunguo wa chumba cha kumbukumbu.

Ukipita barabara ya Naivasha, shuka Kimende. Nenda na diktafoni, na uwe na muda wa kutosha. Waulize wa pande zote mbili.