Wapagazi wa 1916 na Askari wa Bama: Koo za Ipogolo katika Nyaraka za Jeshi la Uingereza

Ukoo wa Ipogolo, chini ya mlima wa mji wa Iringa, unaotafuta habari za babu aliyelitumikia jeshi la Uingereza hauna budi kwanza kujua alikwenda vita gani na kwa kazi gani, kwa kuwa jeshi hilo halikuwaandika watu wake wote kwa uangalifu uleule.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza, kikosi cha Uingereza cha Jenerali Northey, kilichovuka mpaka wa koloni la Wajerumani kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini mwezi Mei 1916, kiliingia Iringa tarehe 29 Agosti kikiwategemea wapagazi, yaani wanaume waliobeba chakula, risasi na majeruhi mahali ambapo magari yalikwama na wanyama wa mizigo walikufa kwa maradhi ya mbung'o. Shajara za vita, yaani madaftari ya matukio ya kila siku ambayo leo yamehifadhiwa Kew, London, humtaja ofisa Mzungu aliyejeruhiwa kwa jina na cheo, ilhali mpagazi huingia katika hesabu tu: wangapi wamefika, wangapi wametoroka, wangapi wanaumwa. Vita vilipokwisha, tume ya makaburi ya vita ilitosheka kuwakumbuka Waafrika kwa sanamu za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mjukuu wa mpagazi asipoliona jina la babu yake, basi, kosa si lake, na lililobaki ni kufuata njia ya kikosi chenyewe, pamoja na njaa na kuhara damu vilivyokiandama.

Askari wa King's African Rifles, ambao wenyeji waliwaita Keya, wana habari zaidi, ingawa batalioni ya sita iliundwa mwaka 1917 kwa askari waliotekwa kutoka kwa Wajerumani, hivyo babu mmoja anaweza kuwa alipigana pande zote mbili.

Katika Vita Vikuu vya Pili, Tanganyika ilitoa wanaume takriban 87,000, waliopelekwa Uhabeshi, Madagaska na Bama. Rejesta ya waliokufa ya tume ya makaburi hutaja nambari ya jeshi, kikosi na tarehe, na mara nyingi jina la baba au la mke pamoja na wilaya. Hata askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944 wametajwa katika mnara ulioko Nairobi. Kwa kinaya, aliyekufa hupatikana kwa urahisi kuliko aliyerudi salama, ambaye rejesta hiyo haimhusu. Tena karani aliandika jina kama alivyolisikia, au lile la dini ambalo nyumbani halikutumika, kwa hiyo wazee waulizwe majina yote ya marehemu kabla ya nyaraka kufunguliwa. Sanduku la bibi nalo lipekuliwe: medali ya Uingereza ya vita vya kwanza aliyopewa askari huwa imechorwa nambari na jina ukingoni, lakini nyota za vita vya pili zilitolewa bila jina, na hapo ushahidi hubaki katika cheti cha kuachishwa jeshi.