Nyumba ya Geneva na Riwaya ya Kitukuu

Jean Rhys alizaliwa mwaka 1890 mjini Roseau, katika kisiwa cha Dominica kilichoko bahari ya Karibi, ambacho zama hizo kilikuwa koloni la Uingereza. Baba yake alikuwa daktari kutoka Wales. Upande wa mama, alikuwa kitukuu cha James Potter Lockhart, aliyemiliki shamba la Geneva pamoja na watumwa waliolilima.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1833 ilifuta utumwa makoloni humo kuanzia Agosti 1834. Serikali ilitenga fidia ya pauni milioni 20, nayo ikaenda kwa mabwana. Watumwa wenyewe hawakulipwa kitu. Wengi wao walishurutishwa kuwatumikia mabwana wale wale hadi mwaka 1838. Msomaji wa visiwa vyetu hataona ajabu, kwani amri ya Zanzibar ya mwaka 1897 nayo iliweka fidia ya mwenye mtumwa, si ya mtumwa. Huko Dominica, mwaka 1844 serikali ilipotaka kuhesabu watu, waliokombolewa waliingiwa na hofu kwamba utumwa unarudishwa. Wakaasi, na nyumba ya Geneva ikavamiwa.

Rhys aliondoka kisiwani mwaka 1907. Aliporejea kwa ziara mwaka 1936, alikuta nyumba ile imekwisha kuteketezwa kwa moto. Miaka 30 baadaye, mwaka 1966, alichapisha riwaya ya *Wide Sargasso Sea*. Humo alimchukua mke mwenye wazimu anayefungiwa darini katika *Jane Eyre* ya Charlotte Brontë, iliyotoka mwaka 1847, akampa jina la Antoinette, utoto, na nyumba ya shambani Jamaica. Nyumba hiyo inachomwa moto na watu waliokuwa watumwa.

Usiku wa moto, Antoinette anamkimbilia Tia, mtoto mweusi aliyekuwa akicheza naye. Tia anamrushia jiwe, kisha analia. Mwandishi hamlaumu Tia, wala hawapatanishi watoto hao kwa faraja ya uongo. Ameyaona maumivu ya wote wawili, lakini anajua kwamba hayana chimbuko moja: mmoja anapoteza nyumba, na mwenzake hakupata kuwa nayo.

Yuko pia Christophine, yaya wa Antoinette na mwenye kauli nzito kuliko wote riwayani. Huyu alitolewa kwa mama yake Antoinette kama zawadi ya harusi. Rhys analitaja jambo hilo kwa maneno machache tu, kama lilivyotajwa katika nyumba za aina hiyo, na hapo ndipo ukoo wake unaposhitakiwa. Hata hivyo kitabu kinabaki na huzuni ya binti wa bwana. Christophine anamkabili mume wa Antoinette, anatishiwa jela, anaondoka, na riwaya haimfuati. Maisha yake baada ya hapo yanabaki kuwa deni kwa watunzi wengine.