Mafuvu ya babu zetu kwenye makabati ya Berlin

Leo stori za test na boom naziweka pembeni, tuongee historia kidogo.

Lile Boma la hapa Arusha mjini, ambalo sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900. Kisa kinaanzia Akeri, chini ya Mlima Meru. Oktoba 1896 wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa pale. Wajerumani wakalipiza vibaya: wakachoma nyumba, wakapora ng'ombe. Halafu tarehe 2 Machi 1900, kule Moshi, wakanyonga watu 19, akiwemo Mangi Meli wa Old Moshi na Mangi Lobulu wa Meru.

Jamani, kunyonga hakukutosha! Kule Berlin, Felix von Luschan wa makumbusho alikuwa anawaomba maofisa na wasafiri wa makoloni wamletee mafuvu ya watu. Alikusanya maelfu. Wataalamu wa enzi zile walipima mafuvu ili kugawa binadamu kwa mbari, na wengi wao wakamweka mzungu juu, mwafrika chini. Luschan alitengeneza hadi vigae 36 vya rangi vya kulinganishia ngozi za watu.

Mwaka 1905 Msweden Sjöstedt naye alikuja Kilimanjaro na Meru kukusanya wadudu na wanyama. Sawa, lakini mdudu hana wajukuu wanaouliza babu yao kazikwa wapi.

Na wajukuu waliuliza kweli. Watafiti wa Berlin walichunguza mafuvu 1,135 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani: 904 ya Rwanda, 202 ya Tanzania, 22 ya Kenya, 7 hayakujulikana yalikotoka. Septemba 2023 vipimo vya DNA vikaonyesha kwamba moja ni la akida wa Mangi Meli, na ndugu zake wapo hai Kilimanjaro. La Meli mwenyewe halikuonekana.

Cha ajabu, ndani ya Boma lilelile leo unasoma habari za Olduvai na nyayo za Laetoli, kwamba binadamu wote asili yao ni huku kwetu. Yaani jengo la wakoloni ndilo linalowaumbua wapima mafuvu.

Sisi tunaosomea ualimu tutaingia darasani karibuni. Kwenye somo la upinzani dhidi ya ukoloni tusiishie kukaririsha majina na tarehe. Tuwaambie watoto na vichwa vilikokwenda, maana kuna familia bado zinasubiri kuzika.

Mnasemaje wadau?