Kanzidata za Takwimu katika Utafiti wa Kamari ya Mpira wa Kikapu nchini Marekani, 1951–2024: Historia ya Ushahidi na Mipaka Yake

1.0 Utangulizi

Historia ya kamari ya mpira wa kikapu nchini Marekani kwa kawaida husimuliwa kupitia kashfa, kesi na sheria. Makala hii inaiendea kwa njia nyingine: inachunguza namna kumbukumbu za michezo zilivyohifadhiwa na kuhojiwa kwa programu za kompyuta, na kile kilichoweza kuthibitishwa kwa njia hiyo. Hoja kuu ni kwamba kanzidata ilimwongezea mtafiti uwezo wa kuona ruwaza, lakini haikumwongezea kwa kiwango hichohicho uwezo wa kueleza chanzo chake. Suala hili lina uzito wa kimaadili, kwa kuwa takwimu zimewahi kuelekeza tuhuma kwa wanafunzi ambao hawakuwa na nafasi ya kujitetea.

2.0 Pengo la pointi na kashfa ya mwaka 1951

Chimbuko la tatizo ni pengo la pointi, utaratibu ulioenea katika miaka ya 1940 na ambao kwa kawaida hunasibishwa na Charles K. McNeil wa Chicago. Katika utaratibu huu, aliyeweka dau kwa timu yenye nguvu hupata fedha pale tu timu hiyo inaposhinda kwa zaidi ya idadi ya pointi iliyotangazwa. Hivyo mchezaji aliyehongwa hahitaji kuiuza timu yake; humtosha kupunguza ukubwa wa ushindi. Rushwa ikapata maficho ndani ya ushindi wenyewe.

Mwaka 1951 ofisi ya mwendesha mashtaka Frank Hogan ya Manhattan ilifichua udanganyifu wa aina hiyo. Uchunguzi ulihusisha wachezaji 32 wa vyuo saba na michezo 86 iliyochezwa kati ya 1947 na 1950. Miongoni mwa vyuo hivyo kilikuwamo City College cha New York, ambacho mwaka 1950 kilikuwa kimetwaa mataji yote mawili makubwa ya vyuo. Ifahamike kwamba kashfa hiyo haikugunduliwa kwa hesabu. Iligunduliwa kwa sababu mchezaji Junius Kellogg wa Manhattan College alikataa hongo ya dola 1,000 na kumweleza kocha wake.

3.0 Kompyuta yaingia katika kamari

Katika miaka ya 1970 mwanahisabati Michael Kent, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Westinghouse, alianza kuandika programu za kukadiria nguvu za timu. Kundi lililoanzia katika kazi yake, lililojulikana kama Computer Group, liliweka madau makubwa katika michezo ya vyuo katika miaka ya 1980. FBI iliwavamia washirika wake mwaka 1985, lakini kesi iliyofuata iliisha mwaka 1992 kwa washtakiwa kuachiwa huru.

Baadaye Haralabos Voulgaris alionyesha faida ya kuuliza swali sahihi. Wachezesha kamari walikuwa na mazoea ya kugawa jumla ya pointi zilizotarajiwa takriban nusu kwa nusu baina ya vipindi viwili vya mchezo. Hata hivyo, kipindi cha pili huelekea kuwa na pointi nyingi zaidi, kwani timu iliyo nyuma hufanya madhambi kwa makusudi dakika za mwisho na kumpa mpinzani mitupo huru, na pointi za muda wa nyongeza huhesabiwa humo. Hapa ruwaza na sababu yake vilikwenda pamoja, na ndiyo maana ugunduzi huo ulikuwa na thamani hadi bei ziliporekebishwa.

4.0 Hatari ya kuhoji kupita kiasi

Programu za kuhoji kanzidata humwezesha mtumiaji kuunganisha masharti: timu ya nyumbani, iliyocheza jana, iliyopoteza mchezo uliopita, na kadhalika. Wepesi huo ndio mtego. Msimu kamili wa NBA una michezo 1,230. Misimu kumi ina 12,300. Masharti matano, kila moja likipunguza idadi kwa nusu, huacha michezo 384 tu. Anayeweka dola 110 ili apate faida ya dola 100 anahitaji kushinda asilimia 52.4 ya madau ili asipate hasara. Kwa michezo 384, bahati pekee inaweza kusogeza matokeo kwa takriban asilimia 5 kila upande. Kwa hiyo rekodi ya asilimia 55, inayovutia machoni, haitoshi kuthibitisha lolote. Tena, mtafiti anayejaribu maswali 1,000 yasiyo na maana kwa kigezo cha asilimia 5 atarajie takriban 50 yaonekane kuwa na maana.

Suala la ulinganifu wa data nalo halipaswi kupuuzwa. NBA ilianzisha saa ya sekunde 24 mwaka 1954 na mtupo wa pointi tatu mwaka 1979; mwaka 2020 michezo ilihitimishwa karibu na Orlando bila mashabiki wa kawaida uwanjani. Safu ya kanzidata hubaki na jina lilelile, ilhali kinachopimwa kimebadilika.

5.0 Takwimu kama mashtaka

Mwaka 2006 mwanauchumi Justin Wolfers alichambua zaidi ya michezo 44,000 ya vyuo. Aliona kwamba timu zilizotarajiwa kushinda kwa pointi nyingi zilishinda kama ilivyotarajiwa, lakini mara nyingi kupita kiasi zilishindwa kuvuka pengo. Alikadiria kwamba takriban asilimia 1 ya michezo yote iliguswa na udanganyifu. Mwaka 2010 Dan Bernhardt na Steven Heston walionyesha kwamba ruwaza hiyohiyo ilijitokeza hata pale ambapo udanganyifu haukuwa na uwezekano mkubwa. Timu inayoongoza kwa wingi hulinda ushindi. Haina haja ya kuongeza pointi.

Mjadala huu ndio kiini cha makala haya. Takwimu za matokeo hulitaja kundi, hazimtaji mtu. Na mwenendo wa kawaida wa kocha mwangalifu unaweza kufanana kabisa na rushwa.

6.0 Hitimisho

Tarehe 14 Mei 2018 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Murphy dhidi ya NCAA, ilibatilisha sheria ya mwaka 1992 iliyozuia majimbo mengi kuhalalisha kamari ya michezo. Madau yakaanza kuacha kumbukumbu rasmi. Mwaka 2024 NBA ilimfungia maisha Jontay Porter baada ya kampuni zenye leseni na chombo cha kufuatilia soko kuripoti madau yasiyo ya kawaida, likiwamo moja la dola 80,000. Kilichomfichua ni data ya madau, si data ya pointi, na hata hiyo ilifuatwa na uchunguzi. Kutoka kwa Kellogg hadi Porter, basi, historia inaonyesha kwamba kanzidata hufaa kuelekeza pa kutazama. Hukumu huhitaji ushahidi wa kile mtu alichokifanya.