Uraka wa leo, uraka wa jana

Ndugu msikilizaji, msimu mmoja wa korosho nilipita Ruangwa nikitokea Nachingwea. Chini ya mkorosho mama mmoja alikuwa akiuza uraka, pombe ya mabibo. Mzee aliyenitangulia hakuuliza bei. Aliuliza: "Mama, huu wa leo au wa jana?" Akaonja, akatikisa kichwa: "Wa juzi huu. Unaelekea kuwa siki." Akarudisha kata.

Swali la mzee yule ndilo mada yetu wiki hii. Mabibo yakishapondwa na kukamuliwa, maji yake huchachuka yenyewe. Asubuhi ni matamu kama sharubati. Jioni yanatoa povu na kuchoma ulimi. Kesho yake utamu umekwisha, ukali umepanda. Baada ya hapo vijidudu vya siki hushika hatamu.

Waingereza nao wana bia kali zinazofungwa chupani zikiwa na hamira hai. Mwaka 1968 kiwanda cha Eldridge Pope, mjini Dorchester, kilitoa Thomas Hardy's Ale, bia ya kuwekwa miaka mingi. Ikikaa, uchungu hupungua na ladha huelekea zabibu kavu. Kizibo huzuia hewa, na wingi wa kilevi huzuia vijidudu. Uraka hauna kinga hizo. Umri wake huhesabiwa kwa saa.

Mkorosho asili yake ni Brazili. Wareno waliuleta Msumbiji na Goa, huko India, katika karne ya 16. Kusini kwetu Waingereza walianza mradi wa karanga mwaka 1947, wakaufikisha Nachingwea, wakauacha mwaka 1951. Karanga zilishindwa, mkorosho ukashinda. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Bibo lina uzito mara tano au zaidi ya korosho yake. Hebu piga hesabu, kisha ujiulize ni mabibo kiasi gani yaliozea chini ya miti.

Watu wa Goa hukeneka pombe ya mabibo hayo hayo. Mkeneko wa kwanza huitwa urrak. Sikiliza jina hilo linavyofanana na letu. Mkeneko unaofuata ni feni, na mwaka 2009 India iliisajili feni kuwa mali ya Goa. Kwetu, mabibo yakikenekwa kwa siri huwa gongo, kosa chini ya sheria ya mwaka 1966 inayodai leseni. Siilaumu sheria. Gongo ya vichakani haina anayeipima, na wanywaji hulipa kwa afya zao.

Lakini watafiti wa Naliendele, Mtwara, wamekwisha kuonyesha kuwa bibo hutoa sharubati, jemu na hata mvinyo. Ndimi za kupima umri wa uraka tunazo vijijini. Kinachopungua ni chupa safi, kizibo, na leseni anayoweza kuipata mama yule wa Ruangwa.

Mzee alikaa kivulini kungoja uraka wa leo. Sisi, ndugu msikilizaji, tunangoja nini?