Kiko Wapi cha Kwetu?

Siku ya kwanza ya semina ya fasihi, mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili, mhadhiri alituomba tujitambulishe kwa mambo matatu: jina lako, unakotoka, na mwandishi mmoja wa huko. Dada wa Tanga hakufikiri hata kidogo, akasema Shaaban Robert. Kaka wa Zanzibar alipata tabu ya kuchagua: Adam Shafi, Said Ahmed Mohamed, au Abdulrazak Gurnah aliyepewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Natoka Ukerewe," kisha nikanyamaza. Mtu mmoja kutoka nyuma akanisaidia: "Kwao kuna sangara na dagaa." Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka.

Utani ule haukuniuma. Sisi wa visiwani tumeuzoea. Kilichoniuma nilikigundua usiku, nikiwa chumbani na simu mkononi: Euphrase Kezilahabi, niliyemsoma sekondari na kumjibia maswali ya mtihani, alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, Ukerewe. Namagondo! Kijiji ambacho nimekipita mara nyingi bila kuteremka. Nilikuwa nimekariri dhamira zake, wahusika wake na tamathali zake za semi, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtu huyu alikulia kwenye vumbi lile lile lililonikuza mimi. Nami sikuwahi kuuliza.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiwatafuta waandishi wa kwetu kama mtu anayetafuta ndugu waliopotezana. Nimewapata watatu wakubwa. Mmoja wao alinirudisha nyumbani.

Nianze na Kezilahabi, kwa kuwa ndiye anayejulikana zaidi. *Rosa Mistika* ilitoka mwaka 1971. Niliirudia, safari hii bila mtihani, na kurasa za mwanzo zikanikalisha kitako. Nyumba ya Zakaria na Regina iko Namagondo. Zakaria ni mlevi, na anampiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Nimezijua nyumba za namna hiyo. Nimelala kwenye mojawapo, kwa jirani, nikiwa na miaka tisa, nikisikiliza ukutani. Riwaya ile ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, ikisemwa kwamba inaharibu maadili. Lakini ukiisoma kwa utulivu utaona kwamba anayeshtakiwa mle ni mzazi anayedhani fimbo ni malezi, pamoja na jamii inayomngoja binti aanguke ili imcheke.

Baada ya hapo zilikuja *Kichwamaji* mwaka 1974, *Dunia Uwanja wa Fujo* mwaka 1975 na *Gamba la Nyoka* mwaka 1979, yenye vijiji na Ujamaa ndani yake. Diwani yake ya *Kichomi*, mwaka 1974, iliwachokoza washairi wa mizani na vina kwa mashairi yake huru, na ubishi ule haujazimika hadi leo. Mtu huyu wa ziwani alikuwa amemsoma kwa makini mtu wa Tanga: tasnifu yake ya uzamili aliiandika juu ya riwaya za Shaaban Robert. Alifundisha Dar es Salaam, akafundisha Botswana, akafariki Januari 2020. Mwaka huo mimi nilikuwa tayari mwanafunzi wa chuo. Ningeweza kumwandikia barua.

Wa pili ni Gabriel Ruhumbika, aliyezaliwa mwaka 1938. Riwaya yake ya kwanza, *Village in Uhuru*, ya mwaka 1969, aliiandika kwa Kiingereza. Kisha akahamia kwenye Kiswahili na kutupatia *Miradi Bubu ya Wazalendo* na *Janga Sugu la Wazawa*. Nitamrudia, kwa sababu kazi yake nyingine ndiyo inayofunga hadithi hii.

Wa tatu ni Aniceti Kitereza. Huyu sikuwahi kumsikia kabisa.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akiwa mjukuu wa Mukama Machunda, mtawala wa Ukerewe. Alisoma kwenye misheni ya Kagunguli, kisha akavushwa ng'ambo ya ziwa hadi seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, ambako aliongeza Kilatini na Kijerumani juu ya lugha alizokuwa nazo. Upadri hakuufikia. Alirudi, akamwoa Anna, na watoto wao hawakuishi. Katika jamii ambayo mwanamume asiye na mtoto alishauriwa haraka aongeze mke, Kitereza alibaki na Anna.

Mambo hayo ya nyumbani kwake nayataja kwa sababu yanaingia kwenye kitabu. Mwaka 1945, akitiwa moyo na Padri Almas Simard, Mkanada wa Mapadri Weupe, alimaliza mswada mrefu kwa Kikerewe. Ni habari za mume na mke, Myombekere na Bugonoka, wanaopendana na hawapati mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke kwa utasa, wakwe wanakuja kumchukua binti yao, na Myombekere analazimika kwenda kuomba msamaha na kutozwa faini ya pombe ya ndizi. Baadaye wanatibiwa na mganga Kibuguma, na wanapata watoto wawili, Ntulanalwo na Bulihwali. Ndani ya kisa hicho mna Ukerewe nzima ya zamani: jinsi ya kulima, kuvua, kujenga, kusalimiana na mkwe, kuuguza, kuzika.

Nilikipata kitabu maktaba, toleo la Kiswahili la mwaka 1980 la Tanzania Publishing House: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*. Kilikuwa kwenye rafu ya vitabu visivyoazimwa. Nikaruhusiwa kutoa nakala ya sura chache, nikazifunga kwenye bahasha ya kaki, na likizo ya Desemba nikapanda meli ya Mwanza kwenda Nansio nikiwa nimeikumbatia bahasha ile kama mtu aliyebeba hati ya shamba.

Bibi yangu alizaliwa karibu na mwaka mswada ulipomalizika. Kusoma alijifunza kidogo, ukubwani, na sasa macho hayamruhusu. Jioni ya pili baada ya chakula nikamwambia, "Bibi, nimekuletea kitabu cha mtu wa huku."

"Nani?"

"Aniceti Kitereza."

"Jina nalisikia," akasema. "Lakini kwamba aliandika kitabu, hilo silijui. Haya, soma, mama."

Nikasoma pale Myombekere anapohangaika na faini ya wakwe. Umeme ulikuwa umekatika, nikamulika kwa tochi ya simu. Kwa dakika kadhaa alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kwenye pombe ya ndizi akanisimamisha. Akanieleza ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa, na mtama unaotiwa ili pombe iumuke, huku mikono yake ikikamua hewani. Halafu, bila kujitambua, akahamia Kikerewe. Alizungumza muda mrefu na akacheka mwenyewe mara mbili. Mimi nilishika neno moja katika matano.

Hapa lazima niseme ukweli wangu. Kikerewe nakisikia kwa shida na kukisema siwezi. Baba alikuwa mtumishi wa serikali, tulihama hama, na nyumbani tulizungumza Kiswahili ili tusichekwe shuleni. Nilipokuja likizo kwa bibi, binamu zangu walinigeukia na kunitafsiria kama mgeni. Nikajifunza kutabasamu mahali ambapo wengine wanacheka.

Nikamuuliza maana ya majina. Alifikiri kidogo. "Ntulanalwo, huyo ni mtu anayesema: niko nacho daima. Kifo." Akaendelea, "Bulihwali ni swali. Yataisha lini? Majonzi hayo." Kwenye ukurasa wangu wa Kiswahili yalikuwa majina ya watoto tu. Kwake yalikuwa sentensi nzima, na sentensi zenyewe za mzazi aliyekwisha kuzika.

Kisha akauliza swali ambalo sijaacha kulibeba. "Sasa mbona kaandika Kiswahili? Watu hao walisema Kikerewe."

"Aliandika kwanza Kikerewe, bibi."

"Kiko wapi cha kwetu?"

Jibu la swali hilo ni historia, na nilimpa kwa kifupi. Nawapa ninyi kwa kirefu kidogo.

Kitereza alimaliza kazi yake wakati mbaya kwa lugha yake. Tangu mwaka 1930 palikuwa na kamati ya Afrika Mashariki iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili, na vitabu vya shule vilipitia mkondo huo. Mwaka 1948 ikaundwa East African Literature Bureau, ambayo kwa Tanganyika lugha yake kubwa ya kuchapa ilikuwa Kiswahili. Riwaya nene ya Kikerewe, lugha ya kisiwa na ukingo wa ziwa, ingemuuzia nani? Padri Simard aliifasiri kwa Kifaransa, lakini kitabu hakikutoka. Mswada ukabaki miaka nenda rudi.

Uhuru ulipokuja mlango ulizidi kuwa mwembamba. Taifa jipya lilikuwa na makabila zaidi ya mia moja na lilihitaji lugha moja ya kuzungumza nalo. Mimi ni zao la uamuzi ule na siukani. Bila Kiswahili nisingeweza kukaa darasa moja na dada wa Tanga na kaka wa Zanzibar, wala ninyi msingeweza kunisoma sasa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wawili wa Kimarekani, Gerald na Charlotte Hartwig, walikutana na Kitereza na kumshauri akitafsiri kitabu kwa Kiswahili ili kipate mchapaji. Akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, mwenye maradhi ya viungo, alikaa chini na kukiandika upya chote kwa mkono wake.

Kitabu kina mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981, na nakala hazikumfikia mkononi. Miaka 35 ilipita kati ya nukta ya mwisho ya mswada na kuchapwa kwake.

Wasomaji wa Ujerumani walikipata kwa Kijerumani miaka ya 1990, kwa tafsiri ya Wilhelm Möhlig. Na mwaka 2002 Mkuki na Nyota wakatoa tafsiri ya Kiingereza. Mfasiri wake ni Gabriel Ruhumbika, ambaye hakuanzia kwenye Kiswahili. Alirudi kwenye Kikerewe. Mwandishi aliyeanza na Kiingereza akaja Kiswahili, uzeeni alirudi kwenye lugha ya mama yake ili kumvusha mzee wa kwao hadi dunia nyingine. Nilipolisoma hilo nilisimama nikatembea chumbani.

Angalia basi safari za watu hawa watatu wa kisiwa kimoja. Kitereza alitoka Kikerewe akaenda Kiswahili kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Ruhumbika alizunguka kote akarudi. Kezilahabi alikipokea Kiswahili kama nyumba yake, akavunja kuta zake na kuzijenga upya. Ukiwaweka pamoja wanakuonyesha karne nzima ya kilichotupata watu wa lugha ndogo: tulichopewa, na tulichokiacha ufukweni tulipopanda meli.

Zamani nilidhani kuwaenzi waandishi wa nyumbani ni kujibu utani wa darasani. Ningerudi semina nikiwa na majina matatu mfukoni, niwashinde wa Tanga. Majina hayo nimeyataja, ndiyo, na kaka wa Zanzibar aliandika moja kwenye daftari lake. Lakini fahari ya namna hiyo huisha haraka, na waandishi wenyewe hawaitaki. Kezilahabi hakuisifu Namagondo, aliipeleka mahakamani. Kitereza hakusema Ukerewe ya kale ilikuwa pepo. Aliandika jinsi mke asiyezaa alivyoumizwa kwa maneno, akijua vizuri maneno yale yanavyosikika, kwa kuwa Anna aliyasikia. Kuwaenzi ni kukubali kusomewa mashtaka na mtu anayejua njia zote za kwenu.

Kwangu mimi shtaka ni lile swali la bibi. Msimamizi wangu alishauri nichague mada iliyo na marejeleo mengi ili nimalize kwa wakati. Ni ushauri mzuri, na ada ninayolipa inaunga mkono. Nimeamua kuandika juu ya Kitereza hata hivyo, na kwa hiyo ninajifunza Kikerewe nikiwa na miaka 26, jambo ambalo lilipaswa kunijia bure.

Tunafanya hivi. Kila Jumapili baada ya misa binamu yangu anampigia simu bibi kwenye spika. Mimi namsomea ukurasa mmoja kwa Kiswahili, yeye ananirudishia kwa Kikerewe, na naandika kwenye daftari la mistari mipana. Simwambii kwamba anatafsiri, maana angeona aibu na kuanza kuchagua maneno. Najua kwamba ninachoandika si kile alichoandika Kitereza mwaka 1945. Ni Kikerewe cha mwanamke mmoja, mwenye kukatizwa na kikohozi, na na mitandao.

Jumapili iliyopita tulifika mahali Bugonoka anaporudi kwa mumewe. Bibi alisema sentensi, nikaisoma kwa sauti kutoka kwenye daftari ili nihakikishe. Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Hapana," akasema. "Umesema kama unayesoma. Rudia kama unayeingia nyumbani."

Nikarudia. Akanisahihisha tena. Kufikia mara ya nne salio likaisha.